Neema Inayongoja Chungu

Mgagani haungoji kupandwa. Mvua za kwanza zikishika, huchipua wenyewe palipokuwa zizi, jalalani, kando ya mapito ya ng'ombe na katikati ya mistari ya mahindi. Hupenda udongo uliokanyagwa na kutiwa samadi, kwa hiyo karibu kila mahali unapoota, binadamu na mifugo yake wamekwisha kupita hapo kabla yake. Jani lake limegawanyika sehemu tano hivi zinazotoka kwenye kikonyo kimoja. Maua ni meupe au ya waridi hafifu. Shina lina vinyweleo vinavyonata, na harufu yake ni kali. Wajaluo huuita dek au akeyo, Wakisii chinsaga, Waluhya tsisaka, Wamijikenda mwangani, Wanyarwanda isogi, na katika masoko ya Nairobi jina lililoenea ni saga. Mkulima anayepalilia huung'oa na kuutupa mwisho wa tuta. Jirani yake huja kuuokota palepale ulipotupwa, akaenda kuupika. Ni mmea uleule, asubuhi ileile, na kila mmoja wa hao wawili ana akili timamu na sababu zake.

Dini zinazofuatwa na watu wengi wa Afrika Mashariki zinafundisha kwamba kilichoumbwa kiliumbwa kikiwa chema, na kwamba Muumba ndiye mtoa riziki. Basi wema wa mgagani uko wapi? Kama umo ndani ya jani tangu lilipochipua, mbona anayelitafuna likiwa bichi hulitema? Na kama unatiwa na mpishi, Muumba alitoa nini? Ninavyoona mimi, riziki ya namna hii hutolewa ikiwa haijakamilika, na huko kutokamilika ni sehemu ya jinsi ilivyotolewa. Jani huja na uwezekano. Kinacholikamilisha ni maarifa ya kuchuma, kuchemsha, kuchanganya na kupima kadiri, ambayo binadamu ameachiwa ayatafute, ayatunze na ayasahihishe. Hilo likikubalika, linafuata jambo zito zaidi: maarifa ya jikoni kuhusu mmea wa porini yamo ndani ya neema yenyewe, wala hayakubandikwa juu yake baadaye. Kuyaacha yapotee ni kuidharau neema hiyo, na kuyameza bila kuyapima ni kuidharau vilevile.

Ushahidi wa kwanza uko jikoni. Mgagani haupikwi kwa haraka. Huchumwa ukiwa mchanga, kabla haujazaa sana. Hukatwa, huchemshwa, na mara nyingi maji ya kwanza humwagwa. Wako wanaotia magadi, na magharibi mwa Kenya wako wanaotumia maji ya majivu ya mimea yaliyochujwa, ili majani yalainike na makali yapungue. Kisha huja maziwa: mabichi, yaliyoganda, au mtindi wa juu wenye mafuta. Chungu hufunikwa, majani yakalala na maziwa usiku kucha, na kesho yake hupashwa moto, pengine hata siku ya tatu, kila mara yakizidi kuwa matamu. Penye minazi, tui hufanya kazi ya maziwa. Aliye na mboga nyingine huchanganya, kunde au mchicha au mlenda, kwa vipimo ambavyo havijaandikwa popote lakini vinajulikana kwa mkono. Kila hatua katika hizi ni jibu kwa swali ambalo mtu fulani aliwahi kuliuliza mbele ya chungu kilichoshindwa kulika.

Kemia imekuja baadaye kueleza kwa nini majibu hayo yalikuwa sahihi. Mgagani ni wa ukoo mpana mmoja na kabichi, haradali na mlonge, na kama hao umebeba kemikali za kundi la glukosinoleti. Jani likiwa zima, kemikali hizo hukaa mbalimbali na kimeng'enya kiitwacho mirosinesi. Likitafunwa au kupondwa, viwili hivyo hukutana, na papo hapo huzaliwa isothiosianeti, zenye ule ukali unaopanda puani. Maji yanayochemka hukiharibu kimeng'enya, nayo sehemu kubwa ya glukosinoleti huyeyuka na kumwagwa pamoja na maji. Protini za maziwa hushikamana na vitu vinavyoleta ukakasi mdomoni. Mafuta ya maziwa au ya nazi huubeba ule umanjano uliojificha ndani ya kijani, yaani karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A na ambayo bila mafuta hufyonzwa kidogo sana. Waliogundua njia hii hawakuwa na neno vitamini. Walikuwa na watoto waliokataa kula, na wagonjwa ambao waliwatazama siku baada ya siku kuona kama wanapata nafuu.

Na kilichomo kinastahili taabu hiyo. James Chweya wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Nameus Mnzava, mtaalamu wa Tanzania, walipoandika kitabu kizima juu ya mmea huu mmoja mwaka 1997, walikuwa wanakusanya yale ambayo utafiti wa kilimo ulikuwa umeyapita kwa miaka mingi. Gramu 100 za majani mabichi zina karibu gramu 5 za protini na karibu miligramu 290 za kalisiamu, ilhali kabichi, ambayo ilipewa heshima ya kuitwa mboga bora, haifiki miligramu 50 za kalisiamu. Madini ya chuma yamo pia, na karotini kwa wingi. Kwa Wakisii na majirani zao mgagani ni chakula cha mama aliyejifungua, ili damu irudi na maziwa yatoke. Hapo chakula kimekwisha kuvuka mpaka na kuwa dawa bila mtu kuona mahali mpaka ulipokuwa. Ibn Sina, tabibu wa karne ya 11, hakushangazwa na hali hiyo: katika kitabu chake Al-Qanun aliweka kati ya chakula kitupu na dawa tupu ngazi za katikati, chakula chenye udawa na dawa yenye lishe, na zaidi ya dawa akaweka sumu. Vitu vyote hivyo alivipanga kwa kuangalia kitu kinaufanyia nini mwili, na kwa kadiri gani.

Maandiko yanasema nini? Mara nyingi wahubiri hutaja sura ya kwanza ya Mwanzo, ambapo binadamu anapewa mimea itoayo mbegu iwe chakula chake, wakaishia hapo. Sura ya tatu inafaa zaidi kwa mgagani. Adamu anapoambiwa kwamba ardhi itamzalia miiba na michongoma, anaambiwa katika pumzi hiyohiyo kwamba atakula mimea ya shambani. Laana na riziki zimekaa kwenye aya moja, na mstari wa kuzitenganisha haukuchorwa. Umeachwa kwa atakayetoka na jembe. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki, anafundisha kwamba Mungu ndiye aliyetoa dawa katika ardhi na kwamba mwenye busara hazidharau, kisha anamtaja mchanganya dawa kama mtu ambaye kupitia kwake kazi ya Mungu inaendelea. Qurani, katika Sura ya Al-Hijr, inafundisha kwamba vilivyooteshwa ardhini vimeoteshwa kwa mizani. Nayasoma mafundisho haya kama wito. Kilichoumbwa kwa mizani kinamtaka anayekipokea naye awe na mizani.

Kuna kisa katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, ambacho ningependa kingesomwa mara nyingi zaidi. Njaa imeingia Gilgali. Mtu mmoja anatumwa kutafuta mboga porini, anakuta mtango wa mwitu, anajaza nguo yake, anakatakata matunda na kuyatia chunguni, na mwandishi anakaza jambo moja: hawakuyajua. Walipoanza kula wakapiga kelele kwamba mauti yamo ndani ya chungu. Nabii Elisha anaomba unga, anautia, na watu wanakula. Waumini wataona muujiza, nami sina haja ya kuwapinga. Lakini tazama lawama ilikowekwa. Mmea haukulaaniwa, wala mtu hakuambiwa asichume tena porini. Kosa lilikuwa kutojua, na hata tiba ikapitia chungu kilekile.

Kisa hicho kina ndugu wa karne iliyopita, tena wa kweli na mchungu. Konzo ni ugonjwa unaopooza miguu yote miwili ghafla na kuiacha hivyo maisha yote. Ulielezwa na daktari mmoja huko Kwango, Kongo, mwaka 1938, na mwaka 1985 ulilipuka Tarime, mkoani Mara. Chanzo ni mihogo michungu iliyoliwa kabla ya kulowekwa, kuvundikwa na kuanikwa vya kutosha, kwa watu ambao wakati huohuo hawakuwa na protini ya kutosha. Watu wa sehemu hizo wamekula mihogo hiyo vizazi kwa vizazi bila madhara, kwa sababu walijua siku ngapi za kuiacha majini au kuivundika. Ukame ulipokuja, njaa ilizila zile siku. Mhogo haukubadilika hata kidogo. Kilichopungua kilikuwa ule ukamilisho wake. Anayedhani kwamba maarifa ya jikoni ni pambo juu ya riziki iliyokwisha kukamilika na aeleze ni nini basi kilichowapooza watoto wa Tarime.

Pingamizi kubwa kuliko yote linatoka kwa mwanasayansi. Atasema: uchungu wa mgagani haukuwekwa kwa ajili yenu. Mmea unajilinda na wanaotaka kuula. Utafiti uliofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba kupe hukimbia majani yake, na palipoota mgagani kwa wingi hawakuonekana hadi umbali wa mita kadhaa. Jinsi unavyotengeneza chakula chake juani, kwa njia ileile inayotumiwa na mahindi, mtama na miwa, imetokana na mapambano ya muda mrefu na joto na ukame, kabla hata ya kuwako mtu wa kuutazama. Kwa hiyo, atasema, kuzungumza juu ya neema ni kujipendekeza: mmea una mambo yake, na ninyi mmebahatika.

Nakubali kila ukweli uliomo humo, na nakataa hitimisho. Kwanza, hakuna teolojia iliyokomaa inayodai kwamba Mungu hutenda kwa kuziruka sababu za asili. Ibn Rushd katika karne ya 12 alimjibu Al-Ghazali kwamba anayekana sababu za vitu anaikana akili yenyewe. Thomas Akwino, karne iliyofuata, alifundisha kwamba Muumba huvipa viumbe uwezo wa kutenda kweli, si kwa kuigiza. Kama ni hivyo, kusema kwamba jani lilipata ukali wake kwa mapambano na wadudu ni kueleza njia, na swali la mtoaji linabaki pale lilipokuwa kwa anayeamini na kwa asiyeamini. Pili, na hili ndilo ninalolijali zaidi, mmea kuwa na mambo yake ndiko kunakoeleza kwa nini riziki haijakamilika. Mgagani ni mwenyeji katika maisha yake. Binadamu amefika kama mgeni, na mgeni hujifunza desturi za nyumba kabla ya kuomba kitu. Kama kila jani lingekuwa limeundwa likiwa tayari kwa mdomo wetu, dunia isingekuwa na kiumbe kingine ndani yake ila sisi na vyakula vyetu. Dunia yenye viumbe vyenye maisha yao wenyewe ni lazima iwe dunia ambamo chakula kinahitaji kuelewana. Naona hiyo ni hadhi kubwa zaidi kwa mmea, na kwa anayeupika pia.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili kabisa, kwa mcha Mungu. Anasema jitihada haiondoi kudura. Mponyaji ni Mungu. Akitaka, ataponya kwa mzizi wowote au bila mzizi. Kusema kwamba neema inangoja chungu ni kuufunga mkono wa Mwenyezi. Mwaka 2011 tuliliona jambo hili likitendeka mbele ya macho ya Afrika Mashariki nzima. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliwapa watu kikombe cha dawa iliyochemshwa kutokana na mti wa porini, kwa shilingi 500, akisema Mungu alimwonyesha dawa hiyo katika ndoto. Msururu wa magari ulienda kilomita nyingi. Walikuja wenye kisukari, kansa, pumu, shinikizo la damu na virusi vya UKIMWI, na wako walioacha dawa zao za hospitali baada ya kunywa. Kikombe kilikuwa kimoja kwa kila mtu mzima, na ilisisitizwa kwamba kinafanya kazi kikitolewa na mkono wake yeye.

Moyo wa mzee yule, ambaye alifariki mwaka 2021, ni siri yake na Mola wake. Ninachokipima ni dai lenyewe. Ama mti una kazi, ama hauna. Kama una kazi, basi umo chini ya mizani kama miti mingine yote: mtu wa kilo 40 na wa kilo 90 hawanywi sawa, mjamzito huulizwa, na aliyekunywa hufuatiliwa. Kama hauna kazi, na nguvu yote iko katika neno, mti ulichemshwa wa nini? Nimesikia jibu kwamba Mungu hutumia ishara, kama Yesu alivyopaka tope machoni pa kipofu. Sawa. Lakini Injili ya Luka inasimulia kwamba wakoma kumi waliponywa walipokuwa njiani kwenda kujionyesha kwa makuhani, na kujionyesha huko kulitakiwa na Torati: kuhani alipaswa kuikagua ngozi kabla ya mtu kurudi kwa watu wake. Hata uponyaji unaotoka kwa Mungu moja kwa moja ulipelekwa ukapimwe. Imani isiyokubali kupimwa haina mfano katika maandiko inayoyategemea. Na kuhusu kudura, naikubali methali: jitihada haiiondoi. Wala kudura haiiondoi jitihada, maana mwenye kuamini kwamba siku yake imeandikwa bado humwaga maji ya kwanza ya mgagani.

Nikigeukia sasa waganga na wauzaji wa unga wa majani, ni lazima mizani ileile itumike kwa mmea ninaousifu. Katika kitabu chake cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 1976, John Kokwaro alikusanya matumizi ambayo watu wameyapa mimea yetu mingi, na ya mgagani yanajulikana vijijini: majani yaliyopondwa hubandikwa kwenye paji la uso kwa maumivu ya kichwa, maji yake hutiwa sikioni, mizizi huchemshwa kwa homa, majani huliwa kwa tumbo. Orodha hii inastahili heshima kama dokezo. Haistahili kuuzwa kama uthibitisho. Ukali wa isothiosianeti juu ya ngozi huleta joto na kuvuta damu, na inaeleweka kwa nini aliyeumwa kichwa aliona nafuu. Lakini kitu chenye ukali huohuo kikitiwa katika sikio lenye ngoma iliyotoboka kinaweza kudhuru, na anayetia hana njia ya kuona kama imetoboka. Homa ya malaria haijawahi kuonyeshwa kuponywa na mzizi huu. Mama aliyepungukiwa damu sana baada ya kujifungua anahitaji hospitali siku hiyohiyo, na chinsaga imsubiri atakaporudi. Dai la chakula lina msingi imara, na dai la dawa, kwa sehemu kubwa, bado linangoja mtu wa kulifanyia kazi.

Wala chungu cha bibi hakikosi makosa, na kukisahihisha ni kumheshimu aliyekianzisha. Kuchemsha muda mrefu na kupasha kwa siku tatu huua sehemu kubwa ya vitamini C, na magadi huiua upesi zaidi. Vitamini hiyohiyo ndiyo ingeusaidia mwili kuyafyonza madini ya chuma yaliyomo katika majani. Maziwa nayo, yanayoutuliza uchungu na kuibeba karotini, yana kalisiamu inayopunguza ufyonzaji wa chuma. Kwa hiyo mpishi anayetaka damu ya mzazi irudi afanye vyema kutoa kidogo kisichotiwa maziwa, akakichemsha kwa muda mfupi na kukikamulia limau, na cha maziwa akile wakati mwingine. Hapa maabara na jiko vinazungumza lugha moja. Mfano mkubwa wa mazungumzo hayo ni wa China: Tu Youyou aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 alikuwa ameshindwa na majani ya pakanga ya Kichina hadi aliporudi kwenye maandishi ya Ge Hong wa karne ya 4, yaliyosema majani yalowekwe na kukamuliwa, akatambua kwamba moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Akatumia njia ya joto la chini, na artemisinini, dawa ya malaria, ikapatikana. Maandishi ya kale yalikuwa na kweli ndani yake, lakini hayakuwa na kipimo wala kidonge. Ge Hong na Tu Youyou wote wawili walihitajika, na kati yao ilipita miaka 1,600.

Linabaki pingamizi ambalo silipendi kwa sababu lina uchungu wa haki. Mtu atasema: ni rahisi kusifu mboga ya jalalani ukiwa umeshiba. Mgagani ni chakula cha waliokosa nyama, na magugu ni jasho la wanawake wanaopalilia toka alfajiri. Kuyaita neema ni kuupamba umaskini. Nalichukua kwa uzito. Mahindi yaliyosongwa na mimea mingine hutoa mavuno haba, na anayeing'oa anailinda riziki yake, sijamwambia aiache. Mgagani hauwezi pia kuwa badala ya mshahara, zahanati wala nyama kwa mtoto anayehitaji nyama. Lakini historia ya dharau hii si ya wenye njaa. Mafunzo ya kilimo, tangu enzi za ukoloni, yaliuweka katika orodha ya magugu na kuweka kabichi kwenye bustani za shule, na watoto wakajifunza kuona aibu kwa kilichokuwa chunguni kwa mama zao. Ilihitaji watu kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ambaye ameutumia muda mwingi wa maisha yake ya kitaaluma kwa mboga za kienyeji, kabla saga haijapanda rafu za maduka makubwa ya Nairobi. Na waliofaidika kwanza kwa kuiuza ni wanawake walewale walioonewa huruma kwa kuila. Kumbuka pia kwamba Gilgali kulikuwa na njaa, na Tarime vivyo hivyo. Aliyeshiba anaweza kumudu kutojua mimea. Mwenye njaa hawezi, kwa hiyo maarifa haya yanapopotea, yeye ndiye anayeporwa.

Sasa mmea wenyewe unabadilishwa. Kituo cha Dunia cha Mboga, chenye tawi lake Arusha, kimekusanya mbegu za mgagani kutoka sehemu nyingi za Afrika na kuzichagua: zinazochelewa kutoa maua, zenye majani mapana, na zenye uchungu mdogo ili vijana wa mjini wazikubali. Naiunga mkono kazi hiyo. Kuchagua mbegu ni aina ya kukamilisha, kama kuchemsha. Lakini ninavyoelewa, ukali tunaotaka kuupunguza ni uleule unaomfukuza kupe na wadudu wengine, na huenda ndiyo sehemu ambayo udawa wa jani, kama upo, unakaa. Mbegu iliyonyang'anywa ukali wote itakuwa imeihamisha kazi kutoka kwenye chungu kwenda kwenye bomba la dawa ya wadudu, na gharama kutoka kwa usiku mmoja wa maziwa kwenda kwenye mfuko wa mkulima. Kiasi gani cha uchungu kibaki ni swali ambalo mwanamke wa Kisii anayejua kuutuliza kwa maziwa ya jana ana ujuzi wa kulijibu, na anapaswa kuulizwa kabla mbegu hazijatiwa kwenye pakiti.